Kiziwi si shahidi wa kimya: jibu langu kwa Mjomba

Najua nimekuwa kimya tangu Pasaka. Zamu za usiku zimenibana, wodini tuko wachache, na ninyi huko mnadhani sisi wa Uingereza tunaokota pauni barabarani. Leo nina siku mbili za mapumziko, nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa kwenye kompyuta, na kuna jambo limenikaa kooni. Nitaandika kwa hasira kidogo. Asiyependa maneno makali apite tu, tutaonana siku ya picha za theluji.

Jambo lenyewe limeanzia kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, niliwaomba wanandugu tumchangie mkalimani wa lugha ya alama ili mdogo wangu, ambaye wengi mnamfahamu kuwa ni kiziwi, apate mafundisho ya Kipaimara pamoja na viziwi wenzake wanne wa parokia yetu. Mjomba wangu, katekista wa zaidi ya miaka thelathini, mtu aliyenishika mkono na kunifundisha Ishara ya Msalaba, alijibu kwa sauti ya dakika sita. Nimeisikiliza mara tatu. Kwa kifupi alisema kwamba viziwi ni mashahidi wa kimya. Mungu amewapa msalaba wao na wanamsifu kwa mateso yao. Misa ni fumbo, kuona kwa macho kunawatosha. Tena imani huja kwa kusikia, basi tusimsumbue kijana kwa mambo ambayo Mungu mwenyewe hakumjalia. Akatubariki wote. Watu kumi na saba wakaweka alama ya amina.

Sasa sikilizeni. Mdogo wangu yumo kwenye kundi hilo hilo. Yeye aliona tu kwamba Mjomba ametuma sauti ya dakika sita na kwamba ukoo mzima umefurahi. Akaniandikia pembeni: "Dada, Mjomba amesema nini?"

Hapo ndipo nilipochoka.

Mjomba, shikamoo. Nakuheshimu, na haya ninayoandika ningeyasema mbele yako nikiwa nimepiga goti kama ulivyotulea. Lakini umetumia neno kubwa, neno "shahidi", na umelitumia kufunga mlango. Naomba nilichukue hilo neno, nilifute vumbi, halafu nikurudishie.

Sisi watu wa Bukoba neno hili hatukulisoma vitabuni tu. Tumekua tukiona mahujaji wakikusanyika alfajiri na vikapu vya chakula, wakivuka Mutukula, wakipita Masaka hadi Namugongo. Tunajua majina yao kama tunavyojua majina ya babu zetu: Karoli Lwanga, Matia Mulumba, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyetangulia kuuawa mwezi Novemba 1885, na Kizito, mtoto wa miaka ipatayo 14. Tunajua kwamba Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Tunajua kwamba Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu hao 22 tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na kwamba hakuwasahau Waanglikana waliouawa pamoja nao. Haya yote tunayajua kwa sababu tumesikia. Radio ilitangaza, padri alihubiri, bibi alisimulia jikoni. Je, mdogo wangu aliyajua kwa njia gani?

Nitawaambia. Alipoteza usikivu akiwa na miaka minne, baada ya homa ya uti wa mgongo. Wakati ule tulisema ni bahati kwamba amepona. Leo nikiwa nesi naelewa kilichotokea ndani ya sikio lake: ugonjwa ule huweza kuharibu sikio la ndani, mahali ambapo mtetemo hugeuzwa kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo, na uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma. Hakukuwa na laana wala deni la ukoo, na naomba tulimalize hilo leo. Miaka mitatu tuliongea naye kwa alama za nyumbani tulizobuni wenyewe, mimi na yeye, za ndizi, mama, mvua, mbwa wa jirani. Halafu akapelekwa shule ya viziwi bweni, akarudi likizo na mikono yenye Lugha ya Alama ya Tanzania, na mimi nikawa mwanafunzi wake. Leo ni seremala, anasoma na kuandika, na anatumia kompyuta kuliko mimi. Bubu siye. Naomba neno hilo nalo tuliache. Ana lugha, tatizo ni kwamba sisi hatuna.

Huko shuleni kuna mtu aliwasimulia habari za Mashahidi wa Uganda kwa mikono. Alama zilizotumika zilikuwa tatu: kufungwa mikono, moto, kuuawa. Kwa hiyo kwa mdogo wangu, kwa miaka yote, "shahidi" maana yake ilikuwa ni mtu aliyeuawa. Basi. Hakuna aliyeongeza kitu.

Mama yetu alipofariki mwaka 2019 sikuwahi mazishi, mnakumbuka habari za ile tiketi. Kanisa lilijaa. Padri, ambaye simtaji na ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa, alihubiri vizuri hadi watu wakalia. Alisema Mama alikuwa shahidi wa imani, kwa sababu alimlea mtoto kiziwi kwa uvumilivu hadi mwisho. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alikuwa ameketi benchi la mbele, ameona watu wote wamegeuka kumtazama yeye, wanapiga makofi na machozi yanawatoka. Akauliza kulia na kushoto, wakampigapiga begani. Wiki tatu baadaye, kwenye video, akaniuliza mimi: "Siku ile Padri alisema nini kuhusu mimi?"

Nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nimechoka, nikamfasiria neno kwa neno kama mjinga. Mama, alama ya shahidi ile ile aliyoijua, kwa sababu yako.

Alinyamazisha mikono kwa muda. Halafu akauliza: "Mimi ndiye niliyemuua?"

Jamani. Nimefanya kazi ya unesi miaka kumi na moja. Nimefunga macho ya watu wengi. Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo. Ilinichukua karibu saa nzima kumweleza, na hata leo sina hakika kama alama zangu za siku ile zilitosha. Kwa hiyo Mjomba, unaponiambia kwamba kuona kunatosha, mimi nakumbuka benchi la mbele.

Sasa turudi kwenye neno. Kiswahili chetu ni lugha tajiri na hapa kimetusaidia kuliko tunavyojua. Neno la Kigiriki walilotumia Wakristo wa kwanza, ambalo Wazungu wamelichukua kwa kusema "martyr", maana yake ya asili ni shahidi wa mahakamani, mtu aliyeona jambo na anasimama kulieleza. Kifo kilikuja kuongezeka baadaye, kwa sababu wengi waliosimama kueleza waliuawa. Waingereza ninaoishi nao wameupoteza mwanzo wa neno hilo. Wakisikia "martyr" wanaona damu, na wengine huko kazini hulitumia kumcheka mtu anayejionesha kwamba anateseka. Sisi tumelipata kutoka Kiarabu likiwa zima: shahidi wa Namugongo na shahidi wa kesi ya shamba ni neno moja. Ndiyo maana mimi napenda "shahidi" kuliko "mfiadini", ingawa mapadri hutumia yote mawili. Mfiadini anakueleza alivyokufa. Shahidi anakueleza alikuwa na neno gani la kusema.

Na kama shahidi ni mtu aliyeona na anaeleza, basi mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa shahidi. Kanisa lenyewe halifanyi hivyo. Halimtangazi mtu shahidi kwa sababu aliumwa sana, hutafuta kama aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, na kama yeye mwenyewe aliipokea hatari hiyo kwa hiari. Mtazameni Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro, Kongo, tarehe 1 Desemba 1964. Alisema hapana, akaendelea kusema hapana. Mtazameni Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usipite kwenda kwenye vinywa vya watu. Alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Hao ni watu waliokuwa na uchaguzi na wakachagua. Mdogo wangu hakuchagua homa ya uti wa mgongo. Wala hakuchagua kuketi kanisani kama kiti. Ukimwita shahidi kwa jambo ambalo hakulichagua, huku ukimnyima lile ambalo angelichagua, yaani kuikiri imani yake mbele ya askofu, umemheshimu kwa mdomo na kumnyang'anya kwa mkono.

Hilo lingenitosha, lakini Mjomba ametoa hoja, na hoja hujibiwa. Nazichukua moja moja.

Ya kwanza, kwamba imani huja kwa kusikia. Najua umetoa kwa Mtume Paulo, Warumi sura ya 10. Lakini Mjomba, ulitufundisha wewe mwenyewe tusisome mstari mmoja tukaacha kitabu. Paulo pale analalamika kwamba watu hawawezi kumwamini wasiyeelezwa habari zake, na hawawezi kuelezwa kama hakuna aliyetumwa. Mzigo ameuweka kwa anayepaswa kwenda, na wewe umeuhamishia kwenye sikio la mdogo wangu. Halafu fungua Matendo ya Mitume sura ya 7, kifo cha Stefano, shahidi wa kwanza kabisa. Stefano aliona. Alitazama juu akaona mbingu zimefunguka, akasema alichokiona. Na ni nani waliokuwa viziwi siku hiyo? Ni wale waliomuua. Imeandikwa kwamba waliziba masikio yao, wakamrukia. Masikio yao yalikuwa mazima. Mara nyingine nikisoma sura hiyo naona aibu kwa niaba yetu sisi tunaosikia.

Na Bwana mwenyewe, katika Marko sura ya 7, alipoletewa kiziwi alifanya nini? Hakumhutubia. Alimtoa pembeni mbali na umati, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu. Kabla ya neno lolote alizungumza naye kwa vidole, kwa lugha ambayo mtu yule angeielewa.

Hoja ya pili, kwamba Misa ni fumbo na macho yanatosha. Mtaguso ule ule uliokuwa ukiendelea wakati Mashahidi wa Uganda wanatangazwa watakatifu ulikuwa umeshapitisha, mwezi Desemba 1963, hati ya Liturujia inayotaka waumini washiriki kikamilifu, kwa kuelewa na kwa vitendo. Ndiyo maana leo tunasali Kiswahili badala ya Kilatini. Mjomba, wewe umetusimulia mara ngapi jinsi bibi alivyosali Kilatini bila kuelewa neno, na furaha yako ya kwanza kusikia "Bwana awe nanyi"? Mdogo wangu bado yuko kwenye Kilatini. Kwake kila Jumapili ni Kilatini.

Na sheria za Kanisa hazimkatai. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, kanuni ya 1104, kinasema wafunga ndoa wasioweza kusema wanaweza kutoa kiapo kwa ishara zenye maana ile ile. Kanuni ya 990 inaruhusu mtu kuungama kwa kupitia mkalimani, na mkalimani huyo anafungwa na siri. Kama mikono inatosha kufunga ndoa, jambo ambalo binadamu halitengui, itashindwaje kumjibu katekista maswali ya Kipaimara?

Hoja ya tatu, kwamba wao ni mashahidi wa kimya. Hii ndiyo iliyonikera kwa sababu ni tamu. Nami nimekutana na shahidi wa kimya wa kweli, naomba niwasimulie.

Kuna mji unaitwa York, kaskazini mwa Uingereza. Katika karne ya 16, Ukatoliki ulipokuwa kosa nchini hapa, aliishi pale mwanamke mmoja, Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama, mama wa watoto. Alikamatwa kwa kuwaficha mapadri nyumbani. Mahakamani akakataa kujibu shtaka, akijua kwamba kesi ikiendelea watoto wake wangelazimishwa kutoa ushahidi. Adhabu ya kukataa kujibu ilikuwa kulazwa chini, kufunikwa mlango na kurundikiwa mawe juu yake hadi kufa. Aliuawa hivyo tarehe 25 Machi 1586. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1970 pamoja na mashahidi wengine wa Uingereza na Wales, jumla 40. Katika nyumba ya watawa iitwayo Bar Convent pale York wamehifadhi mkono wake. Nimekwenda, nimeuona. Mkono mdogo umekauka, ndani ya kioo. Nilisimama pale nikamfikiria mdogo wangu.

Lakini angalieni tofauti, Mjomba usije ukaniteka hapa. Ukimya wa Margaret ulikuwa ni neno lake. Aliuliza nafsi yake, akaamua, na kila mtu mahakamani alielewa anasema nini kwa kunyamaza. Alikuwa na lugha na akachagua kuifunga. Ukimya wa mdogo wangu benchini hakuuchagua yeye, tumemchagulia sisi, halafu tunausifia. Kumfunga mtu mdomo na kisha kumpongeza kwa upole wake, hiyo si ibada.

Sasa niwaambie nilichokiona hapa ninapoishi, si kwa ajili ya kuwaringia. Jumapili iliyofuata tarehe 3 Juni, sisi Waafrika wa eneo hili, Waganda wakiwa wengi, tuliadhimisha Misa ya Mashahidi. Mavazi mekundu, ngoma, na safari hii alikuwepo mkalimani wa lugha ya alama ya Uingereza kwa sababu parokia ina viziwi kadhaa. (Kwa wasiojua: lugha za alama haziko sawa duniani. Ya Uingereza na ya Marekani zinapishana hata kwenye alfabeti, hapa wanatumia mikono miwili na kule mmoja. Ya kwetu nayo ni yake.) Mkalimani ni mtu mzuri, ila alipofika kwenye neno "martyr" alitamka herufi zake moja moja kwa vidole, kisha akaonesha "kuuawa". Nikashtuka, nikaona benchi la mbele la kwetu.

Baada ya Misa nikamfuata mama mmoja kiziwi, mzee wa Kiingereza mwenye miaka zaidi ya sabini, ambaye hunisahihisha alama zangu bila huruma. Nikamuuliza yeye angesemaje. Hakufikiri sana. Akagusa chini ya jicho lake na kupeleka mkono mbele: ameona. Akautoa mkono kifuani kuuleta kwangu: amewaeleza. Akaweka ngumi mbili pamoja, zikasimama imara: hakubadilika. Halafu ndipo akaonesha kuuawa. Sisemi hiyo ndiyo alama rasmi, viziwi wa hapa hutofautiana hata mji kwa mji. Nasema tu kwamba ameona, ameeleza, hakubadilika, akauawa. Miaka yote ya katekesi hakuna mtu aliyenieleza neno shahidi vizuri namna ile.

Akaniuliza pia kama najua alama ya Yesu. Naijua, ni moja katika lugha nyingi za alama: kidole cha kati cha mkono mmoja kinagusa kiganja cha mwingine, kisha upande wa pili. Ni alama za misumari. Sisi tunaosikia tunalitaja Jina Lake mara mia bila kukumbuka lolote. Wao hawawezi kulitaja bila kugusa majeraha. Sasa niambie Mjomba, nani amsaidie nani kuuelewa ushahidi?

Wala sitawadanganya kwamba Wazungu walikuwa malaika. Historia ya Kanisa letu katika hili ina pande mbili. Padri Mfaransa, Charles-Michel de l'Épée, ndiye aliyeanzisha Paris, miaka ya 1760, shule iliyowafundisha viziwi kwa kutumia ishara, kwa sababu alikutana na mabinti wawili viziwi akaogopa kwamba watakufa bila mafundisho ya dini. Alianza na hofu ile ile ya Mjomba, lakini akafika kwenye jibu jingine. Halafu mwaka 1880, kwenye mkutano wa walimu wa viziwi huko Milan, uliosimamiwa na padri mwingine, Giulio Tarra, wakapitisha kwamba ishara zipigwe marufuku shuleni, watoto wafundishwe kusema kwa mdomo tu. Yule mama mzee aliniambia alipokuwa mtoto alikalia mikono yake darasani ili isiseme. Mwaka 2010 tu, Vancouver, mkutano wa aina hiyo ndio ulipokataa maazimio yale na kueleza majuto. Miaka 130. Kwa hiyo ninapowaambia watu wa nyumbani kwamba tunaweza kukosea kwa nia njema, simaanishi sisi tu.

Mtasema huku kuna pesa. Ni kweli. Hospitalini kwetu hairuhusiwi kumtumia mtoto wa mgonjwa kuwa mkalimani wa habari nzito, tunamwita mkalimani aliyesomea, kwa sababu mgonjwa asiyeelewa hajakubali matibabu hata kama ametikisa kichwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu: kutikisa kichwa ndiyo kitu cha kwanza anachojifunza mtu asiyesikia katikati ya wanaosikia. Anatikisa ili muondoke. Mdogo wangu alitikisa kichwa siku ya Komunyo ya kwanza, mkasema ameelewa.

Lakini pesa si sababu. Kamati ya harusi ya ukoo wetu ya mwisho ilichanga ukumbi, mapambo, mpiga video na keki ya ghorofa nne. Mkalimani wa Jumapili kadhaa hagharimu hata ghorofa ya juu ya ile keki. Na majirani zetu Waganda, nchi ya mashahidi wenyewe, wameitaja lugha ya alama kwenye katiba yao tangu 1995. Kenya nao wameiweka kwenye katiba ya 2010, hadi bungeni inatumika. Sisi tunavuka Mutukula kila mwaka kuchota maji ya Namugongo. Tungerudi na hilo pia.

Basi ombi langu ni hili, na nalisema wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kila jumuiya ndogondogo iandike viziwi wake ni wangapi. Wapo, wamejificha nyuma ya nyumba. Katekista mmoja wa parokia aende kwa viziwi wenyewe ajifunze alama, hata nusu saa kwa wiki, mdogo wangu amekubali kufundisha bure. Mahubiri yaandikwe kwa muhtasari kwenye karatasi kwa wale wanaosoma, hilo linaweza kuanza Jumapili ijayo, karatasi moja tu. Siku ya Mashahidi mwakani, kiziwi mmoja asimame mbele atoe ushuhuda wake kwa mikono yake, na mtu mmoja atufasirie sisi. Sisi ndio tukae pale tusioelewa, tusubiri kuambiwa. Na tuache kuwaambia wazazi wa viziwi kwamba wao ni mashahidi. Mama hakuwa anakufa kwa kumlea mwanawe. Alikuwa anampenda, na alikuwa anacheka naye kwa mikono jikoni, mimi nilikuwepo.

Nimeahidi kulipa nusu ya gharama za mkalimani hadi Kipaimara kipite. Nusu nyingine ni yenu. Wale kumi na saba walioweka amina, ninayo orodha.

Mjomba, usinikasirikie. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Kipaimara kinampa Mkristo nguvu ya kuwa shahidi wa Kristo. Nakukumbuka umesimama pale chini ya mwembe, umeshika fimbo, unatukaririsha. Nimelishika fundisho lako kuliko unavyodhani, na ndiyo maana nakusumbua. Kijana huyu ana jambo ameliona na anataka kulieleza. Mpeni njia.

Haya nimeyaandika badala ya kurekodi sauti, na mjue ni kwa makusudi. Mdogo wangu ndiye aliyeyasoma wa kwanza, jana usiku, na amenirekebishia sehemu mbili. Atakayejibu naye aandike. Sauti za dakika sita sitazifungua.

Kesho naingia zamu saa moja jioni. Niombeeni. Nawasalimu wote, na anayekuja huku Agosti aniletee senene.

Ni mimi, nesi wenu wa ughaibuni.